Kovu la Noah ya Masama

Tone la rangi ya bluu lililokaukia kwenye mpira wa mlango ndilo analoliona kwanza.

Ni asubuhi ya Januari, gerejini Majengo, mjini Moshi. Avelina, fundi bodi mwenye miaka ishirini na minne, analikwangua kwa ukucha, kisha anamgeukia mwenye gari.

"Shikamoo baba. Umeipaka rangi?"

"Marahaba mwanangu," anajibu Mzee Emilian, mkulima wa kahawa wa Masama. "Ningeingiaje kihambani, kwenye shamba la ukoo, Krismasi na gari lenye kovu? Ndugu zangu wa Dar wangesema nimenunua mkweche."

Noah hiyo ilitoka ng'ambo na rekodi ya ajali: nguzo ya mlango ilipinda. Mpaka mkaguzi athibitishe kwamba imetengenezwa, rekodi haifutwi, na kampuni ya bima haiipi bima kubwa.

Novemba, Avelina alikata chuma kilichopinda, akachomelea kipya, akapaacha bila rangi ili mkaguzi apaone. Mzee hakuvumilia. Juzi mkaguzi alikuta puti ya kuzibia na rangi inayong'aa, akakataa. Angejuaje kilichofunikwa?

"Watu wanadhani rekodi inafutwa kwa kuficha," anasema Avelina, akiwasha mashine ya kukwangulia rangi. "Inafutwa kwa kuonyesha."

Ni maneno mengi kwa mtu kama yeye. Aliacha shule darasa la tano, akaja hapa kuosha magari. Jioni alikuwa akiokota mabati yaliyotupwa na kuyanyoosha, mpaka mwenye gereji, Isack, akamkabidhi nyundo. Siku yenye kazi hupata shilingi elfu kumi na tano. Shukrani za wateja humwendea Isack. Yeye huinama akakusanya vifaa.

Safari hii Isack amemwambia wazi: "Wakikataa tena, dada, utarudi kwenye ndoo na sabuni."

Kufika mchana rangi yote imetoka. Chuma kiko kitupu, na mstari wa kuchomelea umepita juu yake kama mfongo, mfereji wa maji wa mlimani, uliochimbwa na mtu asiye na haraka.

Mkaguzi anakuja. Anamulika tochi, anagonga, anapima. Anaufunga mlango mara moja; unakaa mahali pake.

"Nani amechomelea hapa?"

Mzee Emilian anamtazama Isack. Isack anatazama paa la gereji.

"Mimi," anasema Avelina.

"Kazi safi," anasema mkaguzi, na kuandika kwamba gari limetengenezwa. Kwa hilo, rekodi inafutwa.

"Sasa naruhusiwa rangi?" anauliza Mzee Emilian.

"Sasa paka hata ya dhahabu, baba."

Wanacheka wote, hata Isack, anayemwambia Avelina auache ule mlango, akale kwanza.

Akiwa ananawa mikono, Avelina anaulizwa na Mzee Emilian anatamani nini mbele ya safari. Anasugua vidole muda mrefu, ingawa grisi imeshatoka.

"Hili sijawahi kulitamka," anasema. "Nataka gereji yangu, Kiboriloni. Na kibao barabarani, herufi kubwa: Fundi Avelina."