Rangi Kwenye Ndoo Nyeusi

Mama alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, niliomba ruhusa shuleni Korogwe, ninakofundisha fizikia, nikaenda Kwamsisi kumuuguza. Wiki nzima nilimwuliza kama anaona, naye wiki nzima akanijibu, "Naona, mwanangu." Tatizo ni kwamba hata kabla ya upasuaji alikuwa akijibu hivyo hivyo, huku akipapasa ukuta. Mama yangu hapendi kumsumbua mtu. Niliogopa kwamba macho hayakupona, na kwamba hataniambia kamwe.

Asubuhi moja nilichota maji kisimani, mwendo wa kuvunja mgongo, nikayamimina kwenye ndoo nyeusi uani. Nilipoinama kuwasha moto nikasikia maji yakimwagika. Mama alikuwa ameyamwaga, karibu yote.

Mimi hasira zangu ziko karibu. "Mama, kisima unajua kilipo?"

"Yana mafuta ya taa," akasema taratibu. "Umechotea dumu gani?"

Nikalitazama. Kwenye mkono wa dumu palikuwa na fundo la katani. Kwetu, tangu nikiwa mdogo, fundo hilo ni alama ya dumu la mafuta ya taa, na halichotewi maji. Siku hizi tunawasha taa ya sola, dumu limekaa tupu, nami nimeishi mjini hadi nimesahau.

"Umesikia harufu?"

"Na mafua haya? Nimeona rangi."

Nikachungulia maji yaliyobaki. Zambarau, kijani, manjano, zikihamahama juu yake. Wanafunzi wangu huwa nawaeleza kwamba mwanga mmoja hurudi kutoka juu ya utando wa mafuta, mwingine hupenya hadi chini yake ndipo urudi. Mawimbi hayo yakikutana, rangi moja huongezeka nguvu na nyingine hufutika, kutegemea unene wa utando mahali hapo. Na unene wenyewe ni mdogo kiasi kwamba unywele mbele yake ni gogo. Nimelieleza jambo hilo miaka mingi bila kutetemeka. Siku hiyo nilitetemeka, kwa sababu mama yangu alikuwa ameziona rangi hizo akiwa amesimama, bila kuambiwa na mtu.

Nikachuchumaa palepale matopeni.

"Basi kafuate mengine," akasema kutoka mlangoni. "Ila futa machozi kwanza, watu wasije wakadhani nimekupiga."