Sifuri Nilizoandika Kabla ya Ugali Kuiva

Mwanangu, sasa fomu za afya ya mazingira unazibeba wewe. Ipo siku moja katika utumishi wangu ambayo nikiikumbuka hadi leo naona haya.

Nilitumwa kijiji kimoja nje ya Mpanda, ambako karasha la kusaga mawe ya dhahabu lilisimikwa katikati ya makazi. Vumbi lake lilikuwa na madini ya risasi, sumu inayodumaza akili za watoto. Nilitakiwa kukadiria udongo ambao watoto humeza kwa siku bila kukusudia. Makadirio hayo ndiyo yangeamua karasha lihamishwe au libaki.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Shija. Nikauliza kama fomu ilivyoagiza: "Mtoto wako anakula udongo?"

"Wa kwangu? Huyu anashiba, bwana afya!"

Nikaandika sifuri. Kote nilikotoka akina mama walijibu vivyo hivyo, na safu yangu ya sifuri ilipendeza macho.

Mama mkwe wake, Bibi Kabula, aliyekuwa akipukuchua mahindi, akacheka. "Baba, umemuuliza kama anamnyima mtoto chakula. Ulitaka akubali? Weka kalamu, shika bakuli. Shija akitia mkono mdomoni, tumbukiza punje moja."

Shija, wa miaka miwili, alilamba vidole, akaokota kiazi mavumbini akakitafuna, akanyonya kidole gumba. Kabla ugali uliokuwa jikoni haujaiva, punje zilikwisha kufunika kitako cha bakuli. Kisha bibi akamnawisha katika beseni jeupe. Maji yalipotulia, tope likajilaza chini.

"Haya, sifuri yako iko wapi?"

"Mimi nilidhani anauliza wanaokula kwa kijiko!" akasema Mama Shija, na sote tukacheka.

Lakini niliondoka nimejikasirikia. Nilikata kila sifuri kwa mstari mmoja, nikasaini pembeni kama utaratibu unavyotaka, nikarudia nyumba zote kwa bakuli na beseni. Mkuu wangu alifoka kwamba taarifa imechelewa. Nikamwacha afoke. Taarifa iliposomwa, karasha lilihamishwa mbali na nyumba.

Kwa hiyo mwanangu, usiandike sifuri mahali ambapo hukupima, wala usimuulize mama swali linalomlazimu kutetea heshima yake. Keti, tazama, kisha andika. Na usipokuwa na hakika, andika kwamba huna hakika. Mungu akupe subira ya kukaa chini na watoto, na kila mtoto utakayemtembelea akue mzima, mwenye akili timamu.