Mama Aliyetugeuza Karibu na Kilele

Wiki iliyopita, nikiwa nanunua mkate mtaani Lumumba, niliambiwa kwamba yule mama muuza vitenge aliyependa barafu ametutoka. Presha, wakasema. Nilisikitika, kisha nikajikuta natabasamu, na mwenye duka akanitazama vibaya. Wasomaji wangu mnielewe: ni vigumu kumkumbuka mama yule kwa uso uliokunjamana.

Alizaliwa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, binti wa mwongozaji wa wapanda mlima, na kabla ya kuolewa huku Bunia alikwisha kukanyaga theluji zaidi kuliko wengi wetu tulivyokanyaga lami. Amani yetu ilipoanza kushika, ile amani ambayo mtu alifungua duka lakini akaacha mlango wa nyuma bila kufuli, tayari kukimbia, alianza kukusanya watu wa kupanda naye wakati wa kiangazi. Mwaka nilioenda mimi tulikuwa wanne katika kamba moja: yeye mbele, akafuata dyakoni mmoja mnene wa kanisa la mtaani, kisha dereva wa pikipiki, na mimi mkiani. Dyakoni na dereva walitoka jamii mbili ambazo siku hizo zilisalimiana kwa macho tu. Mama mwenyewe ndiye aliyewafunga fundo, huku akicheka: "Huku juu hakuna kabila. Kuko tu uzito."

Tulikuwa tumechelewa. Mvua za Machi zilikaribia, na theluji mpya ilikuwa imefunika nyufa za barafu kama shuka linavyofunika kitanda kibovu. Alitueleza kwamba asubuhi barafu ni ngumu, na vyuma tulivyofunga chini ya viatu huuma vizuri. Jua likipanda, theluji hulainika na kifuniko cha ufa hakibebi tena mtu. Alikuwa akiichoma kwa mpini wa shoka lake kabla ya kukanyaga. Mahali pamoja alipita salama, mwepesi kama alivyokuwa. Dyakoni alipofuata, theluji ilikatika, naye akazama hadi kifuani.

"Mukale chini! Muchome visigino!" mama alipaza sauti.

Dereva alijitupa chini kwa makalio, akachimba visigino na kuishika kamba hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Nami nikafanya vilevile nyuma yake. Dyakoni, miguu ikipiga hewa, aliimba pambio kwa sauti ambayo kanisani kwake hawajawahi kuisikia. Tulipomtoa, alimpangusa dereva theluji begani.

"Weye iko na nguvu, papa."

"Na weye iko muzito, dyakoni."

Tulicheka mpaka machozi yakatutiririka mashavuni. Kisha mama akatazama jua, akatazama kilele kilichokuwa karibu hivyo, akasema tunarudi.

"Mama, kichwa ya mulima iko pale! Naiona na macho!" dereva akalalamika.

"Iko pale, na kesho itakuwa pale. Siye ndiyo sijui."

Tulirudi tumenuna. Na ajabu ni kwamba hakuna lililotokea. Ukungu haukushuka, barafu haikuporomoka. Anga lilibaki jeupe, bila wingu, hadi jioni, na njia nzima dyakoni na dereva walimtania kwa sauti moja, watu wawili waliopanda bila kuongea. Yeye alicheka pamoja nao, akawapa chai, wala hakujitetea hata kwa neno moja.

Nimelifikiria hilo mara nyingi katika mji huu wetu. Vita tunaweza kuvisimulia, kwa sababu viliacha majivu. Lakini nani atasimulia ugomvi uliozimwa sokoni kabla haujawaka, au uvumi ambao mtu mmoja aliusikia akakataa kuupeleka mbele? Vitu hivyo havina kaburi wala sherehe. Anayevizuia huonekana mwoga, na siku inapita vizuri kana kwamba ingepita hivyo yenyewe.

Kwenye matanga niliwakuta wale wawili wamekaa benchi moja, bado wanabishana.

"Tungefika," alisema dereva.

"Ndiyo, tungefika," akajibu dyakoni. "Lakini tungefika wangapi?"

Dereva alimmiminia kahawa. Basi tujifunze kuwashukuru wanaotuharibia safari wakingali hai, hata siku ambazo anga ni jeupe na tunaamini wamekosea.