Mbuzi Watatu Ambao Hawakufika Kikima

Siku tuliyochagua mbuzi, ndugu yangu mkubwa Kyalo alikuwa na njaa na hakuacha kusema hivyo. Tulikuwa katika soko la mifugo la kwetu Tulia tangu asubuhi. Mimi nilikuwa dereva wa lori jeshini, na dereva wa jeshi hufunzwa kukagua gari kila siku kwa mpangilio ule ule, kuanzia mbele kushoto, kuzunguka nyuma, hadi mbele kulia. Mbuzi niliwakagua hivyo hivyo: meno, macho, kwato, mkia.

"Mutua, unanunua mbuzi ama unaoa mbuzi?" Kyalo aliuliza. Wauzaji wakacheka.

"Nataka wasiwe na kasoro. Baba mkwe ana macho."

"Mzee Nzioka ana meno. Chagua twende tukale."

Nilichagua watatu. Kwetu Ukambani mbuzi hao wanaitwa ntheo. Mahari yenyewe unaweza kuilipa polepole, hata kwa miaka, lakini ntheo haingoji. Mmoja huchinjwa nyumbani kwa kina msichana, wazee wa pande zote mbili wanakula pamoja, na kuanzia siku hiyo yule msichana ni mke. Kabla ya hapo anaweza kuishi kwako, akapika kwako, akashika mimba kwako, na bado kwa mila ni mtoto wa baba yake tu. Atakayezaliwa pia ni wa huko.

Mwende, msichana niliyekuwa nikimwoa, alikuwa akiishi kwangu na mimba yake ilikuwa changa. Kwao ni Kikima, upande wa Makueni. Mimi nilikuwa nimebakisha siku nne niende Somalia. Mzee Nzioka, baba yake, alikuwa na matanga katika ukoo wake, akaomba sherehe ingoje wiki mbili. Hilo halikuwa tatizo, kwa sababu mbuzi wa ntheo hupelekwa na ukoo, na baba yetu alikuwa amekufa. Kazi ilikuwa ya Kyalo. Nilimwachia mbuzi na nauli ya wazee wawili wa kwenda naye.

"Wewe nenda ukapigane," aliniambia. "Hapa hakuna kinachohitaji bunduki."

Kambini, kabla hatujaondoka, karani alinipa fomu ya kujaza jina la mtu wa karibu, yule atakayearifiwa na kulipwa haki zangu nikifa. Nilikaa na kalamu kwa muda. Mbuzi walikuwa bado Tulia. Sikutaka kuandika kwamba Mwende ni mke wangu ilhali mila haikuwa imesema hivyo, maana nimezoea kuandika kilicho kweli siku ninayoandika. Nikaandika Kyalo. Nilijiambia nitabadilisha nikija likizo.

Hilo ndilo kosa langu katika habari hii, na nimeliandika mapema ili asiweze kuniandikia mwingine.

Huko Somalia nilipewa lori la maji. Tulikuwa tukichota kwenye kisima kilicho mbali na kambi, tukirudi na msafara, magari mawili ya kivita mbele na moja nyuma. Simu ilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya tangi la lori langu, na wenzangu walikuja kuniomba ruhusa ya kupanda kama waombavyo wapangaji. Nilipanda mwenyewe kila Jumapili. Nilimpigia Mwende, kisha Kyalo.

"Mbuzi walifika?"

"Mambo iko sawa," Kyalo alikuwa akisema. "Wewe angalia barabara yako."

Mtu atauliza kwa nini sikumpigia Mzee Nzioka. Kwetu mkwe hampigii baba mkwe kumwuliza kama amekula mbuzi. Ni kama kumhesabia matonge. Angeona ninadai shukrani, na heshima yangu kwake ingeisha siku hiyo. Basi niliamini nilichoambiwa, na kila Jumapili nilishuka kutoka juu ya tangi nikiwa mwepesi.

Mwende aliniambia mwezi wa tano wa kukaa kwangu huko. Hakupanga kuniambia. Nilikuwa nimemwuliza kama mama yake atakuja kumsaidia akijifungua, akasema, "Atakujaje hapa? Hawajaona mbuzi."

"Hawajaona?"

"Mutua, mimi nilidhani unajua. Kyalo alisema nisikusumbue na mambo ya nyumbani. Alisema mawazo yatakufanya ukanyage bomu."

Nilimpigia Kyalo. Hakushika. Nilipiga tena na tena mpaka betri ikaisha.

Niliyeweza kumwambia alikuwa Hassan. Alikuwa mkalimani wetu, askari kama mimi, kijana wa Mandera ambaye baba yake alikuwa akifanya biashara ya mifugo. Alikaa kiti cha pembeni katika lori langu kila safari. Aliniita Mkamba, nami nilimwita Warya, kama Wasomali wanavyoitana, na hakuna kati yetu aliyechukia.

"Mbuzi watatu tu?" alisema. "Kwetu hata mbwa wa shemeji hakusalimii kwa mbuzi watatu."

"Hassan, sicheki."

"Sawa. Basi sikiliza, Mkamba. Huyo ndugu yako ameuza. Mimi nimezaliwa sokoni. Mtu ambaye mnyama wake amekufa anakupigia mwenyewe kukulilia. Aliyeuza ndiye hashiki simu."

Kyalo alishika siku ya tatu, asubuhi, injini yangu ikiwa tayari inanguruma. Alisema kiangazi kilikuwa kikali na malisho yaliisha. Kisha akasema aliwauza kabla hawajakonda, akaongezea pesa zake, akanunua pikipiki, na pikipiki ingezaa mbuzi sita kufikia Krismasi.

"Ulikuwa utaniambia lini?"

"Wewe uko na mshahara wa serikali kila mwezi. Mbuzi watatu ni nini kwako?"

Kiongozi wa msafara alipiga honi. Nilikata simu. Siku hiyo nilikagua lori, lakini siwezi kuapa kwamba nilizunguka lote.

"Amekubali?" Hassan aliuliza tulipokuwa tumeondoka.

"Amekubali."

"Wallahi, tukirudi nitakutolea watatu katika zizi la mzee wangu. Utanilipa polepole, kama mahari."

Nilikuwa nikipanga maneno nitakayomwambia Kyalo, moja baada ya jingine.

Barabara ilikuwa ya mchanga mwekundu.

Magari ya mbele yalikuwa yamepita.

Kulikuwa na sehemu upande wa kushoto ambapo rangi ya udongo labda ilikuwa tofauti. Labda. Nilikuwa nikiitazama barabara na kumwona ndugu yangu.

Bomu lililipuka upande wa Hassan.

Sikusikia kishindo. Niliona mlango wake haupo.

Maji yote ya tangi yalimwagika juu yetu, na ndiyo yaliyonizuia kuungua upesi. Nilitambaa kupitia dirisha. Mguu wa kushoto ulikuja nyuma yangu kama kitu cha mtu mwingine. Nilimwita Hassan kwa jina lake, si kwa lile la utani.

Hakuitika.

Maadui walikuwa wakitupiga risasi kutoka vichakani. Nililala ndani ya mtaro mpaka gari la nyuma liliponifikia.

Kuhusu siku zilizofuata najua nilichoambiwa. Nilisafirishwa hadi hospitali Nairobi. Nilifanyiwa upasuaji mara mbili. Masikio yalikuwa yakivuma na sikuweza kusema jina langu kwa wiki mbili hivi. Simu yangu ilikuwa imeungua ndani ya lori. Huko kambini palikuwa na kijana wa upande wetu wa Tulia, ambaye aliona lori likiwaka na akatuma ujumbe nyumbani kwamba hakuna aliyetoka. Hakusema uongo kwa kukusudia. Alisema alichoona kutoka mbali.

Ujumbe ulimfikia Kyalo. Hakungoja barua ya jeshi. Siku ya tatu alikwenda nyumbani kwangu, akamkuta Mwende amekaa na majirani waliokuja kumliwaza, akamwambia mbele yao, "Hapa wewe ni mgeni. Hakuna mbuzi aliyechinjwa kwa ajili yako. Rudi kwa baba yako uzae huko."

Mbuzi ambao yeye mwenyewe aliwauza.

Niliielewa hesabu yake baadaye. Fomu ilikuwa na jina lake. Mjane mwenye mimba akibaki bomani, wazee wangemwonea huruma, chifu angemwandikia barua, haki zangu zingegawanywa. Asipokuwepo, hakuna wa kugawana naye. Mwende alifungasha nguo kwenye gunia na kusafiri hadi Kikima akiwa na mimba ya miezi minane. Alijifungua siku nne baada ya kufika. Mvulana.

Mimi nilipopata fahamu sawasawa, muuguzi aliniuliza kama kuna mtu wa kupigiwa. Namba zote zilikuwa zimeungua na simu. Kichwani nilikuwa nimehifadhi moja tu, ya Kyalo, kwa sababu tulinunua laini zetu siku moja na zinatofautiana tarakimu ya mwisho. Muuguzi alipiga, akaniwekea simu sikioni.

"Kyalo. Ni Mutua."

Nilimsikia akipumua.

"Mutua yupi?"

"Mutua wako. Mwende yuko wapi?"

Muuguzi alitazama simu. "Amekata," alisema. Tulipopiga tena ilikuwa imezimwa, na ilibaki imezimwa.

Nilikaa hospitali wiki tano zaidi, na mjomba wangu alipopata habari alikuja kunieleza yaliyompata Mwende. Watu wengine wodini walikuwa wakisoma Biblia au kucheza drafti. Mimi nilimfikiria Kyalo. Nilifanya hivyo kwa mpangilio, kila asubuhi baada ya dawa, na niliamua mambo mawili: kwamba sitampiga, kwa sababu kipigo kinaisha, na kwamba sitakuwa na haraka.

Nilipotoka nilinunua mbuzi watatu, nikaenda Kikima na mjomba wangu na mzee mmoja wa kanisa. Nilitembea kwa magongo. Mzee Nzioka alitupokea vizuri. Mbuzi alichinjwa, tukala. Mwende alikuja kuketi mkabala nami, amembeba mtoto, na sikuweza kusimama kumfikia bila kusaidiwa. Baada ya kula Mzee alinawa mikono kwa utulivu.

"Mbuzi nimewapokea," alisema. "Mwende anakutaka, na mimi sina neno na wewe. Kuanzia leo ni mke wako. Lakini huyu mtoto alikuja kabla ya mbuzi. Alizaliwa chini ya paa langu baada ya watu wenu kumfukuza mama yake kama mwizi. Nimempa jina la ndugu yangu, Mbithi. Huyu ni wangu."

Mjomba wangu alijaribu. "Mzee, baba yake si amekuja? Hakufa."

"Na mimi nilipomlaza huyu mtoto usiku wa kwanza, baba yake alikuwa wapi kulingana na watu wake? Walituambia amekufa. Mimi niliamini watu wake."

Mwende alikuwa akilia bila sauti. Kwetu mvulana yule angeitwa Musembi, jina la baba yangu. Mjomba aliniangalia nijibu. Kwa mila Mzee alikuwa sahihi, na nilimheshimu kwa kusema waziwazi. Nilijibu, "Ni sawa, Baba."

Mwende alibaki kumnyonyesha hadi alipoacha ziwa, kisha akarudi kwangu. Tuna mabinti wawili sasa. Mbithi amekuwa mrefu, anasoma, anakuja likizo akiwa na adabu nyingi. Amelelewa kama mwana wa mwisho wa Mzee Nzioka, kwa hiyo Mwende kwake ni dada. Hatujamficha lolote. Anajua, lakini mdomo umeshazoea.

Malipo ya mguu wangu nilichimbia kisima na kununulia pampu na tangi kubwa. Kabla ya hapo nilimwita mpima ardhi, tukagawana shamba la baba mimi na Kyalo, nusu kwa nusu, haki kabisa. Nikazungusha seng'enge. Maji yalipatikana upande wangu. Nawauzia majirani wote kwa bei ndogo, na wajane huchota bure. Nyumba ya Kyalo haichoti. Mkewe na binti zake huenda mto mkavu, wanafukua mchanga, wanangoja maji yajikusanye, wanachota kwa kikombe. Ni mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi.

Najua kwamba hao wasichana hawakuuza mbuzi. Najua pia kwamba nikiwa sokoni Mwende huwapa mtungi mmoja, maana nyaya za seng'enge zina sehemu iliyolegezwa na kurudishwa. Sijamwuliza. Lakini lango sijalifungua.

Mwaka huu mchungaji wetu alikuja. Kyalo anaumwa kifua na alikuwa ametuma ombi la kusamehewa. Mchungaji alinieleza kwa upole, na nilimsikiliza hadi mwisho.

"Ni kweli alikosa," alisema. "Lakini ndugu Mutua, wewe ulirudi ukiwa hai. Mungu alikurudishia mke. Unamdai nini zaidi?"

"Mchungaji, una watoto wangapi?"

"Wanne."

"Wanakuitaje?"

"Wananiita Baba."

"Wangu wa kwanza ananiita shemeji."

Aligeuza kikombe cha chai juu ya meza. Baadaye aliomba, nikainamisha kichwa kwa sababu ni mgeni wangu, na akaenda.

Nimejaribu kuipima hasara yangu kwa haki. Aliyezika bomu lile simjui. Alikuwa adui, alikuwa akifanya kazi ya adui, na miaka inapita nisimkumbuke. Hassan alikufa, na sijui kama macho yangu yangeuona ule udongo kama nisingezungumza na Kyalo asubuhi ile. Huenda nisingeuona. Nimelipima jambo hilo mara nyingi, na halikai upande mmoja. Hata hivyo kifo hicho nimemhesabia Kyalo, na sitamwondolea. Mguu nauhesabia vita. Kumpoteza mtoto namhesabia Kyalo peke yake.

Leo asubuhi alitoka nje na kukaa kwenye jua, upande wake wa seng'enge. Amekonda. Alikohoa kwa muda mrefu, kisha akaniita kwa jina nililokuwa nikiitwa nikiwa mdogo. Nilikuwa nikijaza mitungi ya watu. Nilimaliza wa kwanza, nikaufunga, nikasogeza wa pili chini ya bomba.