Taarifa ya Habari ya Kidato cha Pili

Nilimkuta mwanafunzi wangu ndani ya banda la video kule Kaloleni, saa ambayo alipaswa kuwa kwenye somo la Jiografia. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya wasichana ya kutwa mjini Kisumu, na siku hiyo mwalimu mkuu alikuwa amenituma kuwasaka watoro.

Banda lenyewe lilikuwa la mabati, limetundikwa gunia mlangoni kuzuia mwanga. Niliingia nikiwa nimekunja uso tayari. Filamu ilikuwa ya Kichina, ya watu kurushiana mateke, na maneno ya Kiingereza yalikuwa yakipita chini ya kioo kwa kasi ambayo hata mimi sikuiweza. Kando ya televisheni alisimama msichana aliyegeuza sweta ya shule ndani nje ili nembo isionekane. Alikuwa akiwaeleza watazamaji kinachoendelea.

"Sasa huyu mzee anamwambia kijana, hata ukinivunja huu mkono, aliyemuua baba yako simtaji. Muoneni anavyotetemeka! Mnadhani anaogopa? Ni hasira hiyo."

Alihamia Dholuo, watu wakacheka, akarudi kwenye Kiswahili, wakanyamaza. Makuli wa sokoni, vijana wa gereji, mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, wote walikuwa mikononi mwake. Msichana huyo nilimjua vizuri. Darasani nikitoa insha ya kurasa mbili yeye alileta mistari mitatu, na wa tatu haukuisha. Walimu wenzangu walikuwa wameshamkatia tamaa.

Nilikaa mwisho wa benchi hadi filamu ikaisha. Sipunguzi neno: mwalimu aliyetumwa kukamata watoro alikaa akasikiliza, na aliposikia mzee amekufa bila kutaja jina, alifuta macho.

Taa zilipowaka msichana aliniona. Tulitoka nje.

"Madam, naomba unichape hapa hapa. Usipeleke jina ofisini."

"Nani alikufundisha kusimulia vile?"

"Hakuna. Mwenye video ananiachia niingie bure nikitafsiri."

"Basi mbona kwangu huandiki?"

"Kwa karatasi hakuna mtu ananiskiza, Madam."

Nilirudi shuleni na hilo jibu. Mwalimu mkuu alikuwa ananisubiri. Alikuwa mama mrefu aliyefundisha tangu miaka ya Uhuru, aliyewahi kutembea peku hadi shule ya misheni upande wa Kombewa na kurudi kila siku, na kwake mtu asiyeweza kukaa kimya mbele ya ubao alikuwa kama mtu anayetupa chakula.

"Umewapata?"

"Nimempata mmoja."

"Nani?"

"Sitamtaja."

Alivua miwani. "Mwalimu, hizi video zinatumalizia watoto."

"Mama, hawa watoto wamelelewa na redio na video. Wakija hapa tunawaambia wafunge masikio, wanakili ubao. Wakishindwa tunasema ni wajinga. Mimi naona sisi ndio tumeshindwa."

"Utanifundisha kazi?"

"Kazi unaijua. Watoto ndio wamebadilika."

Alinifukuza ofisini. Niliondoka nikiwa na mate machungu mdomoni na uamuzi mmoja kichwani.

Nyumbani nilikuwa na redio kubwa ya kaseti, aliyoniletea kaka yangu kutoka Nairobi. Wiki iliyofuata niliibeba hadi darasani kwa kitambaa cha kufungia mtoto, nikaiweka juu ya meza. Wasichana wakachangamka kama wameletewa keki. Nilimwita yule msichana mbele, nikabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Tueleze ulivyokuja shule leo. Tutafsirie, kama kwa video."

Wenzake waliangua kicheko, yeye akanitazama kama niliyemsaliti. Kisha akaanza. Alieleza kondakta aliyegombana na mama wa omena juu ya harufu ya gunia lake, na abiria wote walivyochukua upande wa mama kwa sababu kila mmoja alikuwa na samaki mezani kwake jana. Alipomaliza nilirudisha kaseti, tukamsikiliza. Halafu nikampa kalamu.

"Sasa andika unachosikia. Huyo anayeongea humo ndani ni wewe, na sisi sote tunakuskiza."

Alijaza ukurasa, akageuza. Herufi zilikuwa zimelala ovyo na ngeli zilikuwa zimevurugika, lakini kwenye karatasi kulikuwa na mtu. Ngeli ningezirekebisha. Mtu nisingeweza kumtengeneza.

Kuanzia hapo darasa lile halikutulia tena, nami sikutaka litulie. Tuliamua kutengeneza taarifa ya habari. Wasichana waligawana kazi wenyewe. Wengine walikwenda ufukweni kuongea na wauza samaki, wengine stendi, wengine hospitalini. Walirekodi, wakaandika, wakasahihishana, wakasoma. Waligombania sarufi kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona, maana hakuna aliyetaka kuchekwa redioni kwa kusema "maji imeisha." Betri zikilegea tulizianika dirishani kwenye jua, zikapata nguvu ya kumalizia kipindi.

Mwalimu mkuu alisikia kelele, akaja, akaichukua redio na kuifungia kabatini mwake.

"Hapa si disko," alisema.

Nilimfuata hadi ofisini. "Hiyo redio ni yangu. Nipe, au niandikie kwa mkono wako kwamba shule imekataza kusikiliza."

Hakuandika. Hakunirudishia pia. Kesho yake niliazima redio ya jirani nikaingia nayo. Nayo akaichukua. Nikaazima nyingine. Walimu wenzangu walianza kunikwepa kwenye chumba cha walimu, mmoja akaninong'oneza kwamba natafuta kufutwa. Nilimwambia aongee kwa sauti, kaseti inazunguka. Alitoka mbio bila kumaliza chai.

Kilichotuokoa ni mkaguzi wa shule, aliyetokea bila taarifa na kukuta darasa langu likibishana kama habari ya bei ya sangara itangulie ile ya ajali ya baiskeli. Alisimama mlangoni kipindi kizima. Akaomba asikilize, akasikiliza, akamwambia mwalimu mkuu kwamba ameona darasa moja shuleni ambalo hakuna aliyesinzia. Redio zikarudi. Mwalimu mkuu, kwa shingo upande, alitupa nafasi siku ya wazazi, tupige taarifa yetu mbele ya watu. Hakuomba kuisikiliza kwanza.

Mimi niliisikiliza. Habari ya mwisho ilikuwa ya yule msichana wa video. Mtaani kwao bomba lilikuwa limekauka tangu mtu mmoja mwenye cheo ajenge nyumba juu kidogo ya barabara. Alikuwa amerekodi akina mama kwenye foleni ya jerikani, kisha akapanda hadi lango la ile nyumba, akarekodi mpira wa maji ukiosha gari. Hakumtaja mtu. Hakumlaumu mtu. Alisema alichokiona, moja baada ya jingine, akaacha sauti ya maji isikike.

Siku zile mtu akikohoa vibaya mbele ya mkubwa angeweza kulala ndani. Na mgeni wa heshima wa siku ya wazazi alikuwa ni huyo huyo mwenye nyumba. Nilimwita msichana pembeni.

"Unajua nani atakaa kiti cha mbele?"

"Najua, Madam."

"Tunaweza kuiondoa hiyo habari. Hakuna atakayekucheka."

"Wewe ulisema tuseme tulichokiona."

"Nilisema."

"Basi tumekiona."

Nilimwendea mama yake, aliyeuza omena sokoni, nikamweleza yote bila kuficha, maana mtoto ni wake. Alisikiliza huku akipepeta omena. "Mwalimu," alisema mwishowe, "hiyo foleni na mimi niko ndani. Acha wasikie."

Nikaacha.

Ukumbi ulijaa siku hiyo. Mgeni alikaa mbele, tumbo limeshika vifungo vya koti, mwalimu mkuu kando yake. Kipaza sauti kiliwekwa mbele ya redio yangu. Habari za samaki ziliwachekesha wazazi, ya hospitali ikawatuliza. Kisha ikaja sauti ya jerikani zikigongana. Nyuma ya ukumbi mwanamke akasema, "Hapo ni kwetu!" Watu wakageuka, wakacheka. Lakini mpira wa maji uliposikika ukinyunyiza gari, hakuna aliyecheka. Mgeni aliinamia sikio la mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akainuka, akatembea hadi ukutani, akachomoa waya.

Ndipo yule msichana aliposimama kwenye benchi la Kidato cha Pili, akaendelea pale pale kaseti ilipokatikia.

"Gari lilipong'aa, kijana aliyekuwa akiliosha aliuacha mpira ukimwaga maji kwenye majani. Nilimuuliza kama maji haya hukatika. Alinijibu kwamba hapa hayajawahi kukatika. Huo ndio mwisho wa habari. Mliyokuwa mkisikiliza ni taarifa ya Kidato cha Pili."

Akakaa. Vigelegele vilianzia nyuma, kwa akina mama, vikaja mbele kama mvua inavyovuka ziwa. Mgeni alitoka kwa mlango wa pembeni. Mimi nilisimama nikapiga makofi hadi viganja vikauma, na nilihakikisha mwalimu mkuu ananiona.

Jumatatu chifu alikuja na wanaume wawili ambao hawakujitambulisha. Waliniketisha ofisini.

"Nani alikutuma kufundisha watoto siasa?"

"Nafundisha taarifa. Iko kwenye silabasi, chini ya uandishi wa kikazi."

"Na nani aliandika maneno yale?"

"Darasa zima. Na mimi ndiye mwalimu wao, kwa hiyo andikeni ni mimi."

Walichukua kaseti. Nilikuwa na nakala, na nakala ya nakala ilikuwa tayari inapigwa kwa vinyozi wa mjini, lakini hilo hawakuniuliza. Walipotoka mwalimu mkuu alisema msichana lazima afukuzwe. Nikamwambia anifukuze mimi kwanza. Hakuhitaji kuchagua, kwa sababu asubuhi iliyofuata mama wa msichana na wenzake wa foleni walikuja, wakaketi langoni juu ya jerikani zao tupu, kimya, hadi mwalimu mkuu akatoka kuongea nao. Sikusikia walichoambiana. Niliona tu akirudi taratibu, miwani mkononi, akapita karibu nami akasema, "Mtoto atabaki." Baada ya hatua kadhaa akaongeza, bila kugeuka, "Anasoma vizuri habari."

Maji yalirudi mtaani ule, yakakaa miezi michache, yakakatika tena. Msichana alimaliza shule. Hakuwa mtangazaji kama wengi tulivyodhani. Aliunganisha lugha na biashara, akafungua duka lake la video karibu na stendi, na nasikia wateja hawakodi filamu kabla hajawaeleza inahusu nini.

Mimi nilipewa uhamisho kabla ya muhula ule kuisha. Shule waliyonipeleka ilikuwa upande wa Port Victoria, mbali na umeme, na nadhani aliyeichagua alicheka alipoandika. Nilifika vumbi limenijaa nywele, redio kwenye kitambaa kile cha mtoto. Mkuu wa shule, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa tayari na faili langu.

"Nimeambiwa habari zako, Mwalimu."

"Vizuri. Basi hutashtuka."

"Hapa hatuna stima."

"Nina betri."

Alikuna kidevu, akanionyesha darasa. Watoto wa pale walikuwa wamekulia na redio za ng'ambo ya maji. Walijua bei za soko la Uganda, mechi za Uganda, hata nyimbo za kanisa za Uganda, na daftari zao za insha zilikuwa tupu kama kawaida. Niliweka redio mezani. Mkuu wa shule alikuwa bado amesimama mlangoni. Nikavuta kiti cha mwalimu, nikakisukuma upande wake, nikamwambia aingie akae, kipindi kinaanza.