Dagaa Mlangoni pa Meneja

Nilitoka Zambia kuja Mbeya kuwa mhandisi wa mifereji ya mpunga huko Usangu. Mkataba wangu ulisema nitapewa nyumba yenye jiko. Nilipofika, meneja wa mradi aliniambia nikapange nyumba mwenyewe, eti wageni tunalipwa vizuri. Lakini kila mwenye nyumba akisikia lafudhi yangu, alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Jumatatu nikabeba godoro na jiko la mkaa hadi ofisini. Nikakaanga dagaa mlangoni pa meneja, moshi ukamfuata mpaka mezani.

"Ndugu, hapa ni ofisini," alisema huku akikohoa.

"Ndiyo kwangu hapa, bosi. Ile nyumba ya kwenye mkataba bado sijaoneshwa."

Saa saba mchana meneja mwenyewe aliniletea funguo za nyumba. Nikamwambia asubiri nimalize dagaa wangu, nipo mezani.