Viungo vya Mama

Katika duka moja la dawa pale Nkubu, nilikuwa kwenye foleni nyuma ya mwanamume aliyemleta mama yake mzee, anayeumwa na viungo. Muuzaji akauliza swali rahisi: "Kuna dawa yoyote inamdhuru?"

"Ngoja," mwanamume akasema, akatoa simu. "Kila kitu nimeandika hapa. Ni maandishi tu, hakuna madoido, lakini kila mtu ako na faili yake na zote nimeziunganisha na viungo. Unabonyeza jina, unafika."

Akabonyeza jina la mama yake, akasoma kwa sauti: "Anaogopa kuku. Kiatu, saizi ishirini na nane."

Muuzaji akachungulia miguu ya mama.

"Aa, hiyo ni ya msichana wangu."

Bila shaka. Huku kwetu mtoto hupewa jina la nyanya yake, ila simu hakuna aliyeiambia. Akabonyeza tena, akampata binti wa dada yake, naye wa jina hilo hilo. Mimi nilikuja na kikohozi tu, sasa hata kichwa kikaanza kuniuma.

Muda huo wote mama ameegemea kaunta, viungo vyake mwenyewe vimechoka kusimama, na hakuna aliyemuuliza.

"Daktari," hatimaye akamwambia muuzaji, "mimi aspirini hunifurisha uso. Huyu anajua. Ni mimi nilimwambia, akaandika."

Mwanawe hakuinua macho.

"Ngoja kidogo, mum. Niko karibu kukupata."